Muda au Umbali? Historia ya Kuhesabu Mchapuko

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa fizikia aliandika swali fupi ubaoni. Bodaboda imesimama. Inaondoka, inazidi kushika kasi, na inapomaliza mita 25 kasi yake ni mita 10 kwa sekunde. Safari hiyo imechukua sekunde 5. Tafuta mchapuko. Mimi nilichukua 10 nikaigawa kwa 25, nikapata 0.4, nikaweka kalamu chini kabla ya wenzangu wote. Daftari lilirudi na sifuri. Jibu lilikuwa 2, kwa sababu 10 hugawanywa kwa 5, yaani kwa muda, si kwa umbali. Nilipouliza kwa nini iwe hivyo, niliambiwa kwamba fomula ndivyo inavyosema.

Ni kweli, fomula ndivyo inavyosema. Chukua kasi ya mwisho, toa kasi ya mwanzo, kisha gawa kwa muda uliopita. Bodaboda ile iliongeza mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde moja ya safari yake. Lakini fomula haisemi ni nani aliyeamua tugawe kwa muda, wala aliamua kwa ushahidi gani. Katika insha hii nitaeleza kwamba uamuzi huo haukuwa jambo la wazi hata kidogo. Ulichukua takriban miaka 300, kuanzia wanachuoni wa Oxford hadi kitabu cha Galileo Galilei cha mwaka 1638, na Galileo mwenyewe alianza kwa kukosea kama nilivyokosea mimi. Nitadai pia kwamba kilichokosekana katika miaka hiyo hakikuwa akili ya kuhesabu. Kilikosekana kipimo cha muda.

Kwanza neno lenyewe. Hapa Uganda fizikia tulifundishwa kwa Kiingereza, na neno mchapuko nilikutana nalo baadaye, chuoni, kwenye masomo ya Kiswahili. Linatokana na kuchapua, kama mtu anavyochapua miguu anapoona mvua inakaribia. Neno hilo lilinisaidia kuliko fomula. Anayechapua miguu si lazima awe anakwenda kasi. Huenda bado yuko nyuma ya wote. Kinachosemwa ni kwamba mwendo wake unaongezeka. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, bila kupunguza wala kuongeza, halina mchapuko wowote. Mtoto anayeanza kukimbia anao.

Kwamba kitu kinachoanguka huzidi kushika kasi, hilo halikuwa siri kwa watu wa kale. Yeyote aliyewahi kudaka maembe anajua kwamba embe lililotoka tawi la juu huumiza mkono kuliko lililotoka tawi la chini. Tatizo lilikuwa kueleza kasi hiyo huongezeka vipi. Mgiriki Aristotle (384–322 KK) alifundisha kwamba kitu kizito huanguka haraka zaidi kadiri ya uzito wake, na mafundisho yake yalitawala shule za Ulaya na za ulimwengu wa Kiislamu kwa karne nyingi. Hata hivyo hayakukosa wapinzani. Katika karne ya 6, huko Alexandria nchini Misri, John Philoponus aliandika kwamba ukiangusha mawe mawili, moja likiwa zito mara nyingi kuliko jingine, tofauti ya muda wa kufika chini ni ndogo sana. Katika karne ya 12, huko Baghdad, Abu al-Barakat al-Baghdadi alieleza kwamba kitu kinachoanguka huzidi kasi kwa sababu kinapokea msukumo juu ya msukumo. Kwa lugha yetu tungesema haba na haba hujaza kibaba. Wazo la kulimbikiza lilikuwapo tayari. Lakini kulimbikiza kwa kipimo gani? Kwa kila hatua ya njia, au kwa kila dakika ya safari?

Jibu la kwanza lililo wazi lilitoka kwa kundi la wanachuoni wa Chuo cha Merton, Oxford, Uingereza, katika miaka ya 1330. Mmoja wao, William Heytesbury, aliandika mwaka 1335 kwamba mwendo unaochapuka kwa usawa ni ule unaopata nyongeza sawa ya kasi katika kila sehemu sawa ya muda. Hii ndiyo maana tunayoitumia hadi leo. Wanachuoni hao walitoa pia kanuni ya kasi ya wastani: kitu kinachochapuka kwa usawa husafiri umbali uleule ambao kingesafiri kama kingekwenda muda wote kwa kasi ya katikati. Turudi kwa bodaboda yetu. Kasi yake ilianza sifuri ikaishia 10, kwa hiyo kasi ya katikati ni 5. Zidisha kwa sekunde 5, unapata mita 25, na ndizo zilizokuwa ubaoni.

Miaka michache baadaye, huko Paris, Nicole Oresme aliichora kanuni hiyo. Alichora mstari mlalo kuwakilisha muda, na juu yake mistari ya wima kuwakilisha kasi ya kila wakati. Kasi ikiongezeka kwa usawa kutoka sifuri, umbo linalopatikana ni pembetatu. Eneo la pembetatu hiyo ni sawa na eneo la mstatili wenye nusu ya kimo chake. Mchoro huo unaonyesha jambo jingine pia. Ukiugawa muda katika nusu mbili, nusu ya pili ina eneo mara tatu ya nusu ya kwanza. Bodaboda yetu ilipita mita 6.25 katika nusu ya kwanza ya muda, na mita 18.75 katika nusu ya pili. Kila mwanafunzi aliyewahi kuchora grafu ya kasi na muda ametembea katika njia ya Oresme, ingawa jina lake hatulisikii darasani.

Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kama hesabu yote ilikuwapo katika karne ya 14, tulimsubiri Galileo kwa nini? Jibu ni kwamba wanachuoni hao hawakuwa wanazungumzia mawe. Kwao hilo lilikuwa zoezi la mantiki. Kanuni zilezile walizitumia kujadili jinsi joto linavyozidi, jinsi weupe unavyozidi, hata jinsi upendo unavyokua moyoni mwa mtu. Walisema: ikiwa kuna mwendo wa namna hii, basi matokeo yake ni haya. Hawakusema kwamba jiwe linaloanguka linakwenda hivyo, na hawakupima kitu. Mwaka 1551 Mhispania Domingo de Soto aliandika kwamba kitu kinachoanguka ni mfano wa mwendo huo unaochapuka kwa usawa kufuatana na muda. Alikuwa sahihi. Lakini aliiandika sentensi hiyo kama mfano tu, bila kipimo, na haikubadilisha mengi.

Hapo ndipo anapoingia Galileo, aliyezaliwa Pisa, Italia, mwaka 1564. Wengi wetu tunamjua kwa hadithi moja, kwamba alipanda mnara wa Pisa akaangusha vitu viwili vya uzito tofauti vikafika chini pamoja. Hadithi hiyo inatokana na mwanafunzi wake Vincenzo Viviani, aliyeiandika mwaka 1654, Galileo akiwa amekwisha kufariki, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Kwa maoni yangu, hata kama ni ya kweli, haitusaidii katika swali letu. Vitu viwili vikifika pamoja tunajua kwamba uzito hauamui. Hatujui bado kasi ya kila kimoja iliongezekaje njiani.

Ushahidi ulio bora ni barua. Mwaka 1604, akiwa mwalimu katika chuo kikuu cha Padua, Galileo alimwandikia rafiki yake Paolo Sarpi kuhusu kuanguka kwa vitu. Katika barua hiyo alikuwa tayari na kanuni sahihi ya umbali: katika vipande sawa vya muda vinavyofuatana, kitu hupita umbali unaoongezeka kama namba witiri, yaani 1, 3, 5, 7. Lakini chanzo alichokitoa kwa kanuni hiyo kilikuwa na kosa. Alisema kasi huongezeka kulingana na umbali uliokwisha kupitwa. Kwa maneno mengine, Galileo aligawa kwa 25.

Kwa nini mtu mwenye akili kiasi hicho akosee hapo? Nadhani ni kwa sababu umbali unaonekana na muda hauonekani. Embe la tawi la juu huumiza zaidi, na tunachokiona kwa macho ni urefu wa mti. Hakuna anayeuona muda embe lilipokuwa hewani. Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini embe hilo limeumiza, atakwambia limetoka mbali. Hatakwambia limechukua muda mrefu.

Lakini ukilifuata wazo la umbali hadi mwisho, linakwama. Tuseme kasi ya jiwe inalingana na umbali lililopita. Wakati ninaliachia, bado halijapita umbali wowote, kwa hiyo kasi yake ni sifuri. Likiwa na kasi ya sifuri halisogei, na lisiposogea haliwezi kupata umbali wa kulipa kasi. Jiwe litaning'inia hewani milele. Muda hauna tatizo hilo, kwa maana muda unapita hata kwa kitu ambacho bado hakijasogea.

Galileo alirekebisha kosa lake katika miaka iliyofuata, lakini maelezo kamili yalichapishwa mwaka 1638 tu, katika kitabu kilichotolewa Leiden, Uholanzi. Wakati huo alikuwa mzee, akiwa katika kifungo cha nyumbani huko Arcetri karibu na Florence baada ya kuhukumiwa na Kanisa mwaka 1633. Kitabu hicho ni mazungumzo ya watu watatu. Mmoja wao, Sagredo, anapendekeza kwamba kasi iongezeke kwa umbali, kwani kwake ndivyo inavyoelekea kuwa. Mwenzake Salviati anampinga kwa hoja, lakini kwanza anamtuliza kwamba hata mwandishi wao, yaani Galileo, aliwahi kushikilia kosa hilohilo kwa muda. Nilipofika hapo nilikumbuka daftari langu.

Hata hivyo, hoja inaweza kuondoa jibu baya bila kuthibitisha lililo zuri. Ilibidi kupima. Na hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu jiwe linaloachiwa hupita karibu mita 4.9 katika sekunde ya kwanza na jumla ya mita 19.6 kufikia mwisho wa sekunde ya pili. Saa za zama zile hazikuweza kupima vipande vidogo kiasi hicho. Galileo alipata njia mbili za kulikwepa tatizo hilo, na zote ni za kawaida kabisa. Ya kwanza, alipunguza mwendo kwa kutumia mteremko badala ya kuangusha wima. Alichukua ubao wa urefu wa dhiraa 12 hivi, akachonga mfereji mwembamba ulionyooka, akaulainisha na kuutandika ngozi ya kuandikia, akainua upande mmoja kwa dhiraa moja au mbili, kisha akaviringisha gololi ya shaba. Ya pili, alipima muda kwa maji. Aliweka chombo kikubwa cha maji mahali pa juu, chini yake pakiwa na mrija mwembamba. Gololi ikiachiwa, maji yanafunguliwa yaingie katika gilasi, ikifika, yanafungwa. Kisha maji yale yanapimwa kwa mizani. Uzito wa maji ndio muda.

Hicho ndicho kibaba chake. Aliandika kwamba alirudia mara mia moja nzima, na kwamba gololi iliyopita robo ya njia ilichukua nusu kamili ya muda wa njia nzima. Nusu ya muda, robo ya umbali: hiyo ni pembetatu ya Oresme, safari hii ikiwa juu ya ubao.

Je, kweli alifanya hivyo? Katikati ya karne ya 20 mwanahistoria Alexandre Koyré alitilia shaka. Kwa maoni yake, vifaa hivyo vilikuwa duni mno kutoa matokeo mazuri kama yale, na Galileo aliufikia ukweli kwa fikra zaidi kuliko kwa vipimo. Hoja hiyo ina uzito, kwani maji katika gilasi si saa. Lakini mwaka 1961 Thomas Settle, aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani, aliamua kutobishana kwa maneno. Alitengeneza mteremko na kipimo cha maji kwa kufuata maelezo ya kitabu, akapata matokeo yenye usahihi ambao Galileo aliudai. Katika miaka ya 1970 Stillman Drake, aliyefundisha Toronto, Kanada, alichunguza karatasi za Galileo zilizohifadhiwa Florence, akaonyesha kurasa zenye namba ambazo alizieleza kuwa ni vipimo vya kazi, zilizoandikwa muda mrefu kabla ya kitabu. Nakubaliana na Settle na Drake. Lakini Koyré ana haki katika jambo moja: bila fikra, Galileo asingejua apime nini. Kanuni ya muda ilimwambia atafute robo na nusu. Maji yalimwambia kwamba zipo.

Ushahidi wa kupendeza zaidi ulitoka kwa mtu wa upande mwingine. Giovanni Battista Riccioli, padri Mjesuiti wa Bologna, alikataa fundisho kwamba dunia inalizunguka jua. Katika miaka ya 1640 yeye na wenzake waliangusha mipira kutoka mnara wa Asinelli, wakahesabu muda kwa pendulumu. Alipochapisha kazi yake mwaka 1651, alikiri kwamba namba witiri za Galileo ni sahihi. Mpinzani alipima, akakuta yaleyale.

Baada ya hapo kipimo cha muda kiliendelea kuwa bora. Christiaan Huygens alibuni saa ya pendulumu mwaka 1656. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer aliichukua saa ya namna hiyo hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta, akakuta inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku ikilinganishwa na Paris. Mchapuko wa vitu vinavyoanguka haukuwa uleule kila mahali. Leo tunajua kwamba kwenye usawa wa bahari ni karibu 9.78 katika Ikweta na 9.83 katika ncha za dunia. Sisi ambao Ikweta inapita nchini mwetu tunaandika 9.8 kwa sababu namba imekadiriwa. Mwaka 1687 Isaac Newton aliunganisha badiliko la mwendo na kani inayolisababisha, na katikati ya karne ya 18 Leonhard Euler akaiandika kanuni hiyo kwa sura inayokaribia ile ya vitabu vyetu. Yote hayo yalijengwa juu ya uamuzi wa kugawa kwa muda.

Mwaka mmoja baada ya sifuri yangu tulifanya jaribio katika maabara. Kigari kilishuka kwenye ubao ulioinama huku kikivuta utepe wa karatasi, na kifaa kidogo cha umeme kikipiga nukta 50 kwa sekunde juu ya utepe huo. Mwanzoni nukta zilisongamana, kisha zikazidi kuachana. Tuliukata utepe katika vipande vya nafasi kumi kumi, tukavibandika kimoja kando ya kingine. Vikapanda kama ngazi, kila kipande kirefu kuliko kilichotangulia kwa kiasi kilekile. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa naitazama pembetatu ya Oresme, iliyotengenezwa na mteremko wa Galileo, huku umeme ukifanya kazi ya maji yake.

Sifuri ile nilistahili, kwa kuwa jibu langu halikuwa sahihi. Lakini naamini mwanafunzi anayegawa kwa umbali angeambiwa pia kwamba kosa lake si la mtu asiyefikiri. Ni kosa la mtu anayeamini anachokiona. Angepewa ubao, gololi na chupa yenye tundu, aulizwe robo ya njia inachukua muda gani. Akikuta ni nusu, hatahitaji kuambiwa fomula inasema nini.